Swali Lililokaa Barazani

Mwaka wa 1965 nilikuwa na ugomvi na jana. Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi alasiri, nilisimama mbele ya watu wazima kumi na wanne katika ukumbi wa kanisa mjini Tororo, nikawauliza kwa Kiingereza walichofanya jana, na kila Jumanne na Ijumaa wakanijibu kana kwamba wanakifanya sasa hivi. "Yesterday I go to market." "Yesterday I eat fish." Napiga meza kwa rula. Went! Ate! Jana imekwisha, jamani, imezikwa! Wanacheka, wanaandika, wanaahidi. Ijumaa wanarudi na "yesterday I go" ile ile, wamelala nayo na kuamka nayo.

Mimi ni Maloba, Msamia wa Masinya. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minane na hasira ya kutosha watu watatu. Asubuhi nilifundisha watoto, na watoto nilikuwa nawaweza. Hawa wakubwa ndio walionishinda. Nusu yao walitoka kiwandani moja kwa moja, saruji ingali kwenye nyusi. Wengine walikuwa wauzaji wa sokoni, na mmoja, Okanya, alikuwa mfanyakazi wa reli aliyeamini kwamba kila somo ni nafasi ya kuchekesha watu. Huwezi kumpiga mtu mwenye wajukuu kwa kusahau kitenzi. Unameza tu, na ukimeza sana unavimba.

Aliyenivimbisha kuliko wote ni Mama Akongo.

Alikuja kujiandikisha mwezi wa pili, na kapu la karanga kichwani. Alikuwa Mteso wa Bulumbi, mwembamba, mwenye macho yasiyoomba ruhusa. Siku za soko alipanda lori hadi Tororo, akauza karanga zake, akalala kwa dada yake.

"Mama, unataka Kiingereza cha nini?" nilimwuliza. Nilimwuliza kila mtu, maana fomu ilitaka.

"Nataka kuuliza mtu swali moja."

"Moja tu?"

"Mtoto yangu Apendi alikufa mwaka jana, siku ile ya kupelekwa hospitali. Nataka kujua alisema nini. Hakuna mtu aliniambia. Hata mjukuu yangu sijaona tangu tulizika mama yake."

"Na ukishajua?"

"Nikishajua, hiyo English ikae na wenyewe."

Nilimhurumia, sikatai. Kichwani nikamwona daktari Mzungu na koti lake jeupe, nikaandika kwenye fomu: kuzungumza na daktari. Sikumwuliza kama ni daktari. Nilikuwa na watu wanane kwenye foleni.

Basi somo la kwanza likaanza, na Mama Akongo akakataa kuingia. Alitandika kanga barazani, chini ya dirisha la pili, akakaa na mgongo ukutani. Nilimwambia kuna benchi. Akasema hapo panamtosha. Nilimwambia haoni ubao. Akasema masikio anayo. Nilijaribu kwa upole wiki ya kwanza, kwa ukali wiki ya pili, na wiki ya tatu nikaanza kufundisha kwa kupaza sauti kuelekea dirishani, mpaka koo likawasha. Alijibu kutoka nje, darasa likimsikia bila kumwona.

Na swali lake lenyewe halikunyooka. "What she say?" alisema.

"What did she say," nilimwambia.

"What did she said."

"Say! Ukishaweka did, usiguse tena kile kingine!"

"Sawa, mwalimu. What she did say."

Mungu ananijua. Nilirudi nyumbani siku nyingine bila hamu ya chakula.

Wa pili wa kunivimbisha alikuwa Ikiring, mpakiaji wa mifuko kiwandani, mgane wa miaka kama thelathini hivi, kimya, mwenye mabega ya ng'ombe wa jembe. Kiwanda kilitafuta karani wa mizani, na sharti lilikuwa cheti cha darasa langu. Mtu mwenye shida kama hiyo ungetegemea awahi. Ikiring alichelewa kila siku. Na hakuingia kwa mlango wa mbele kama binadamu. Alizunguka ukumbi, akapita mlango wa nyuma wa wanakwaya, koti limefunika kichwa hata jua likiwaka. Halafu, kati ya viti vyote, alikwenda kukaa dirisha la pili, akalipa dirisha mgongo. Somo likiisha, kila mtu anakwenda, yeye amebaki ameinama juu ya daftari. Nilidhani ana kiburi. Nilimwandika "utovu wa nidhamu" mara tatu.

Unaweza kuwa umeshaelewa. Mimi sikuelewa, na nilizaliwa maili chache tu kutoka kwao.

Ijumaa moja mwezi wa tano mvua ilishuka kwa ghadhabu. Wiki mbili tu zilibaki kabla ya mkaguzi kuja. Nilikuwa nimewapanga wanafunzi wawiliwawili, mmoja amwulize mwenzake habari za jana, leo na kesho, na kila jozi ilikuwa inaharibu kwa namna yake. Nikachungulia nje. Mama Akongo alikuwa amejikunja ukutani, kanga imelowa yote, maji yanamtiririka shingoni, na bado anatamka "she went, she came, she said" kwa meno yanayogongana.

Kitu kilikatika ndani yangu. Nusu yake ilikuwa huruma, naapa. Nusu nyingine ilikuwa miezi mitatu ya kupigia ukuta kelele. Nilitoka, nikamshika mkono, nikamwinua. Alisema "hapana, mwalimu," mara mbili, tena kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Sikusikiliza. Nilimvuta hadi ndani, nikamkalisha kwenye kiti kilichokuwa wazi, uso kwa uso na Ikiring.

"Haya," nikasema. "Ninyi wawili mlioshindikana. Ulizaneni!"

Ikiring hakusimama, aliruka. Alipita dirishani na mabega yake yale, akabeba ubao mmoja wa dirisha, tukasikia akianguka kwenye matope. Mama Akongo alijifunika kanga iliyolowa kichwa kizima, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Darasa zima lilikuwa limesimama. Mama mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Okanya ndiye aliyesema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anachekesha. "Mwalimu, umefanya nini sasa? Huyo ni mama ya bibi yake Ikiring, mkwe yake."

Mimi mwenyewe, nikimwona mama mkwe wangu sokoni Busia, hukata kona na kujificha nyuma ya vibanda vya samaki mpaka apite. Sijawahi kukaa naye chumba kimoja. Sijawahi kumtazama usoni, na nina watoto wawili na binti yake. Najua mwiko huo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilidhani ukwe huachwa mlangoni pamoja na baiskeli. Nilidhani ndani ya ukumbi wangu kuna wanafunzi tu. Mzee yeyote wa ukoo asingefanya kosa lile, wala Mzungu asingethubutu kumshika mama mzima mkono. Ilihitaji mwalimu.

Jumanne na Ijumaa hawakuja wote wawili. Dirisha la pili lilikaa na tundu lake, na mimi nikafundisha vibaya kuliko siku zote.

Jumamosi nikapanda baiskeli hadi Bulumbi, na jogoo amefungwa nyuma kwenye keria. Mama Akongo alikuwa uani, anamenya karanga. Nyumba yake iko kando ya barabara kabisa, barabara ile ile inayokwenda Tororo, hatua kumi tu kutoka mlangoni. Nilimpa jogoo kwa mikono miwili, nikaomba radhi, nikaomba tena. Alimpapasa jogoo kifua kuona uzito wake.

"Keti," alisema. "Umekosa, lakini umekuja na miguu yako."

Nikamwuliza kitu ambacho ningepaswa kumwuliza mwezi wa pili. "Mama, kama ulijua yuko mle, kwa nini ulikuja darasa lile?"

"Kwa sababu yuko mle."

Akanieleza bila kuacha kumenya. Siku ile Apendi alipougua tumbo, mumewe alikuwa nyumbani, akampakia kwenye baiskeli kumkimbiza Tororo. Walikuwa wawili tu njiani. Apendi alikata roho kabla ya kufika. "Sasa nani alisikia maneno yake ya mwisho? Ni huyo peke yake. Mimi nitamwuliza na mdomo gani?"

"Ungetuma mtu."

"Nilituma kaka yangu. Alirudi na maneno ya kila mtu: alikufa njia, Mungu alimchukua. Hiyo nilijua. Mtu hawezi kumpa mjumbe kitu kama hicho, mwalimu. Inakwama hapa." Alijigusa koo.

"Na Kiingereza?"

"Mwaka juzi nilikwenda korti ya Tororo kwa kesi ya shamba. Nikaona mzee Omaido na mama ya bibi yake, mmoja huku, mmoja huku. Hakimu anauliza na English, wanajibu mpaka mwisho. Tuliporudi niliuliza wazee, hawa hawajavunja mwiko? Wazee wakasema hapana. Hayo ni mambo ya korti. Hiyo si kuongea." Aliniangalia kama mtu aliyeweka karata yake mezani. "Basi English si kuongea. Mimi nikae nje, yeye akae ndani, hatuonani, na hatuongei."

Miaka mitano nimekula mkate wa lugha hiyo, na hapo mama anaketi na karanga zake ananiambia si kuongea. Nilitaka kubisha.

"Rudi Ijumaa," nilisema. "Hakuna atakayekugusa."

"Na yeye?"

"Nitamtafuta."

Jumatatu nilimngoja Ikiring kwenye lango la kiwanda. Alitoka mweupe kwa vumbi, nywele hadi viatu, na aliponiona alitaka kurudi ndani. Nikamshika kwa maneno. Nilimwambia mama anataka kujua nini, tena kwa Kiingereza tu, kupitia dirishani.

"Najua," alisema. "Tangu siku ya kwanza nilisikia hiyo swali yake. What she say, what she say. Kila somo. Ndiyo maana nilikaa kwa hiyo dirisha. Nilisema siku moja nitajibu. Lakini naogopa, mwalimu."

"Unaogopa nini? Hata mtoto hujampeleka kwa bibi yake mwaka mzima."

Alifuta vumbi mdomoni kwa mkono wenye vumbi vilevile. "Kwa English, ukipita mahali, hukusimama, unasemaje?"

"Passed," nilisema. "I passed. I did not stop."

Alirudia. Alikosea, nikamrekebisha, akarudia tena. Wenzake walitupita na baiskeli zao wakitushangaa. Nilimwona akienda zake kando ya reli, midomo ikichezacheza, na sikufurahi kama mwalimu anavyopaswa kufurahi mwanafunzi wake akishika sentensi.

Ijumaa mkaguzi alifika kabla ya saa kumi. Bwana Aboth, mtu wa makamo, kalamu mbili mfukoni, na fomu yenye visanduku vitatu kwa kila mtu: wakati uliopita, uliopo, ujao. Alikaa mbele, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine. Mama Akongo alikuwa tayari barazani. Ikiring aliingia kwa mlango wa wanakwaya, koti kichwani, akaketi dirisha la pili na mgongo wake. Mkaguzi aliinua nyusi. Nilijifanya sikuona.

Jozi ya kwanza ikaharibu. Ya pili ikaharibu zaidi. Okanya alimwambia mkaguzi kwamba jana anapanda treni na kesho alipanda treni, na Bwana Aboth akaweka misalaba miwili bila kupepesa macho. Shati lilikuwa limenishika mgongoni. Miezi mitatu yangu yote ilikuwa inakufa kisanduku kwa kisanduku.

"Nani bado?" aliuliza.

Sauti ikatoka nje, ya mama, kwa Kiingereza. "Me. I ask the man of the window."

Mkaguzi akageuka huku na huku. "Nani huyo? Kwa nini yuko nje?"

"Anasikia vizuri akiwa nje, bwana," nilisema. "Tafadhali."

Nilimsikia akivuta pumzi upande wa pili wa ukuta. Midomo yangu ilitamka pamoja naye, neno kwa neno, kwa woga.

"What did she say?"

Safi. Mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Ikiring alikuwa ameshika kingo za kiti. Mkaguzi aligonga fomu kwa kalamu, akamkumbusha ajibu kwa sentensi kamili, na kama kulikuwa na siku ya kumtwanga mtumishi wa serikali, ilikuwa ile.

Kisha Ikiring akasema. Kiingereza chake kilikuwa vipandevipande, na mimi nakileta hapa kwa Kiswahili, maana sitaki mtu acheke makosa yake. Alisema: Apendi alisema, geuza baiskeli. Alisema, nyumba ya mama ndiyo hii. Alisema, nataka mama.

"And you?" sauti ya nje iliuliza.

"I passed," alisema Ikiring. "I did not stop."

"Why not?" aliuliza Bwana Aboth. Nadhani alitaka tu kumpa nafasi ya sentensi nyingine.

Ikiring aliongea akitazama sakafu. Alisema mama alikuwa uani. Alikuwa amesimama, anaanika karanga. Hakuna mtu ukumbini mle ambaye hakuelewa. Mwanamume haendeshi baiskeli hadi miguuni pa mama mkwe wake, bila mjumbe, bila taarifa. Bwana Aboth mwenyewe ni Mjopadhola, kabila lenye mwiko huohuo, na pete ya ndoa alikuwa nayo kidoleni. Niliona kalamu yake ikishuka taratibu juu ya meza.

Ikiring alimalizia kwamba Apendi aliita mama mpaka kwenye reli. Baada ya reli hakuita.

Nilitaka kutoka nje kumwona mama, nikakumbuka mkono wangu ulivyomshika siku ya mvua, nikabaki nilipo. Nilihesabu madirisha. Nilihesabu viti. Mama mmoja alianza kulia, na jirani yake akamminya paja anyamaze.

Sauti ya nje ilipokuja ilikuwa imeshuka, lakini haikutetemeka. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kila neno limetafutwa: "I saw a bicycle. I saw you. I ran in the house. I closed the door." Akaongeza: "I did not see my child."

Aliona baiskeli, akamtambua mkwe wake, akakimbilia ndani na kufunga mlango, kama mwanamke mwenye adabu anavyofanya. Hakungoja kuona nani amebebwa nyuma. Hatua kumi kutoka barabarani. Mwaka mzima alikuwa akimtafuta mtu wa kumwuliza, na yeye mwenyewe alikuwa pale.

Ikiring aliegemeza kisogo chake ukutani. Upande wa pili, kwa kadiri nilivyojua anavyokaa, kisogo cha mama kilikuwa mahali palepale.

Bwana Aboth alikohoa. Alinitazama, akatazama fomu yake, na nikaona aibu ikimpanda, lakini mazoea ya kazi yalikuwa na nguvu kuliko aibu. "Bado wakati ujao," alininong'oneza.

Niligeuka kumjibu jibu ambalo lingenifukuzisha kazi. Mama Akongo aliniwahi. Alishasema masikio anayo.

"Tomorrow," alisema, "you will bring the child. You will stand on the road." Akatafuta neno. Nilijua analotafuta, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumsaidia mwanafunzi. "I will open the door."

Ikiring alijifuta uso kwa mkono wa koti. "What time?" aliuliza.

"Morning. Before sun is hot for the child."

Basi. Bwana Aboth alifunga jalada lake na kuniuliza kwa sauti ya chini awaandikie alama ngapi. Nilimwambia aandike anachopenda. Barazani tulimsikia mama akikung'uta kanga, akajitwisha kapu lake, akaenda. Hakuna aliyenyanyuka. Ikiring alibaki palepale, mgongo dirishani, mpaka mtu aliyekuwa karibu na mlango alipomwambia kwamba mama amekwisha kupinda kona ya soko.